Maswali ya Wasomaji: Utamu wa Kisasi Unakaa Wapi?

Barua nne tulizozichagua kwa toleo hili zimetoka miji tofauti, lakini zote zinauliza jambo moja kwa njia nne. Mbili nimezifupisha, na yale yanayoweza kuwatambulisha waandishi nimeyaondoa.

Ndugu Mshauri, mimi ni mwanamke wa miaka 38, mkazi wa Morogoro. Baba yetu alipofariki, kikao cha ukoo kilimpendekeza kaka yetu mkubwa awe msimamizi wa mirathi, na mahakama ikamteua. Miaka mitatu baadaye tuligundua kwamba alikwisha kuuza kiwanja kimoja bila kutuambia, na fedha yake hatukuiona hata senti. Nilipomuuliza alicheka, akasema mimi nimeolewa, nina kwangu, kiwanja cha baba kinanihusu nini. Tangu alipocheka vile silali vizuri. Mwezi ujao kuna sherehe ya kumuaga binti yake anayeolewa, nami nimeombwa kuzungumza kwa niaba ya mashangazi. Nimedhamiria kushika kipaza sauti na kusema yote mbele ya wakwe. Nikiiwazia sura yake wakati huo, moyo wangu unapata raha ambayo siipati kwa kitu kingine chochote. Je, nikifanya hivyo nitapata amani? Na kama si jambo jema, mbona kuliwaza tu ni kutamu kiasi hiki?
*Shangazi wa Bibi Harusi, Morogoro*

Mdogo wangu, nitaanza na swali lako la pili, kwa sababu ndilo lililolibeba la kwanza. Raha unayoisikia haina maana kwamba umeharibika tabia. Ni kazi ya kawaida ya ubongo wa binadamu, na imekwisha kupimwa. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Zurich, wakiongozwa na Dominique de Quervain, walichunguza kwa mashine bongo za watu waliokuwa wakiamua kama wamwadhibu mwenzao aliyewasaliti katika mchezo wa fedha. Sehemu ya ndani ya ubongo ambayo huamka mtu anapotazamia kupata kitu anachokitaka ndiyo iliyoamka walipokuwa wakiamua kuadhibu, na wale ambao iliwaamka zaidi ndio waliokuwa tayari kutoa hata fedha zao wenyewe ili msaliti apate hasara.

Nakuomba uliangalie vizuri neno hilo la kutazamia. Zaidi ya miaka 2,300 iliyopita Aristotle alieleza kwamba hasira ni hamu ya kulipiza iliyochanganyika na maumivu, inayotokana na kudharauliwa pasipo haki, na akaongeza kwamba ndani ya hamu hiyo mna raha, kwa kuwa mwenye hasira hukaa akikiwaza kisasi chake na picha zile humfurahisha kama zinavyofurahisha picha za ndotoni. Mgiriki huyo angeisoma barua yako angesema umemthibitishia kila neno. Hata dharau ameitaja: usingizi haukukutoka siku ulipojua kwamba kiwanja kimeuzwa, ulikutoka siku kaka yako alipocheka.

Sasa swali la amani. Mwaka 2008 wanasaikolojia watatu wa Marekani, Kevin Carlsmith, Timothy Wilson na Daniel Gilbert, walichapisha utafiti ambao kila mwenye mpango kama wako angefaa kuujua. Waliwaweka wanafunzi katika mchezo ambamo kila mmoja aliweza kuweka fedha kwenye mfuko wa pamoja, mithili ya michango ya kikundi, na mchezaji mmoja aliyepangwa na watafiti akawahimiza wenzake wote wachangie, kisha yeye akabana zake na kuvuna jasho lao. Baadhi ya wanafunzi walipewa nafasi ya kumtoza faini, wengine hawakupewa. Waliopewa waliitumia nafasi hiyo, na walipoulizwa baadaye juu ya hali zao, ikaonekana kwamba walijisikia vibaya kuliko wale ambao hawakuwa na la kufanya. Kinachonigusa zaidi ni kwamba pande zote mbili ziliamini kinyume chake: waliolipiza walidhani wangejisikia vibaya zaidi kama wasingelipiza, na walionyimwa nafasi walidhani wameikosa raha.

Maelezo yao ni rahisi, nami nayaona kuwa ya kweli. Mtu asiyeweza kulipiza hulazimika, apende asipende, kulifanya jambo kuwa dogo ili aendelee na shughuli zake. Aliyelipiza hawezi tena kulifanya dogo, kwa maana akikiri kwamba lilikuwa dogo atakuwa amejihukumu mwenyewe kwa kuliadhibu, na kwa sababu hiyo hukaa akilicheua, kama ng'ombe aliyelala kivulini anavyoyarudisha majani kinywani na kuyatafuna upya. Utafiti ule ulionyesha kwamba waliolipiza ndio walioendelea kumfikiria zaidi yule mdanganyifu. Wewe tayari unamcheua kaka yako kila usiku, na baada ya sherehe utakuwa na la kucheua maradufu: alichokufanyia yeye, na ulichokifanya wewe.

Sitakudanganya kwamba kisasi hakimridhishi mtu kamwe. Mwanasaikolojia wa Ujerumani, Mario Gollwitzer, amefanya majaribio kadhaa juu ya suala hili hasa, na jibu alilolipata ni kwamba kuumia kwa mkosaji peke yake hakumpi mlipizaji kuridhika. Anachoridhika nacho ni mkosaji kuonyesha kwamba ameelewa ameadhibiwa kwa kosa gani, na zaidi pale anapokiri na kubadilika. Kumbe kisasi ni ujumbe, na mtumaji anachokingoja ni jibu. Unataka kaka yako aache kucheka na aseme, kwa kinywa chake, kwamba wewe ni mtoto wa baba yako na kwamba alikudhulumu.

Basi jiulize kama ukumbi ule utakuletea jibu hilo. Utasimama kati ya kukatwa keki na kuingizwa kwa ndafu, utasema, mshereheshaji ataongeza sauti ya muziki, na kaka yako hatakuwa tena msimamizi aliyeuza kiwanja. Atakuwa baba aliyeaibishwa siku ya kumuaga mwanawe. Huruma yote itahamia kwake. Miaka kumi baadaye watu watakuwa wamesahau kiwanja, ila hawatamsahau shangazi aliyeharibu shughuli, na haki uliyokuwa nayo mkononi utakuwa umempa yeye. Binti naye, ambaye hakuuza kitu, ataingia ukweni na hadithi hiyo begani.

Tena usitarajie kwamba ataona mmelingana. Mwaka 2003 watafiti wa London waliwaketisha watu wawili wawili na kumtaka kila mmoja ambonyeze mwenzake kidole kwa nguvu ileile aliyobonyezwa yeye, wala si zaidi. Kila zamu nguvu iliongezeka kwa zaidi ya theluthi moja, ingawa hakuna aliyejua mwenzake ameagizwa nini na kila mmoja aliamini amerudisha sawasawa. Sababu ni kwamba ubongo huipunguza nguvu inayotoka mkononi mwetu na kuisikia kwa ukamilifu wake ile inayotujia. Kama kidole tu kinapotoka hivyo, sembuse moyo. Ndiyo maana nasikitika watu wanapoitaja sheria ya jicho kwa jicho, iliyokuwamo katika sheria za mfalme Hammurabi wa Babeli na baadaye katika Torati, kana kwamba ilikuwa ruhusa ya ukatili; kwa wengi waliozichunguza sheria hizo, ilikuwa kikomo, yaani jicho moja na si kijiji kizima. Qur'ani nayo, katika Surat Ash-Shura aya ya 40, inasema malipo ya uovu ni uovu mfano wake, na papo hapo inaahidi kwamba anayesamehe na kusuluhisha ujira wake uko kwa Mwenyezi Mungu. Kwa Wakristo, Paulo aliwaandikia Warumi kwamba kisasi ni cha Bwana. Zote hizo zimeiondoa mizani mkononi mwa aliyeumizwa, au walau zimeifunga kamba.

Hata hivyo, wasije wakakuambia "hasira hasara" na kukunyamazisha. Methali hiyo siipendi inapotumika katika vikao vya mirathi, kwa sababu nimeona ikielekezwa kwa dada mara nyingi kuliko kwa kaka aliyekula mali. Hasira yako imekupa habari sahihi: umedhulumiwa. Mlango wake wa kupitia ni mahakama ileile iliyomteua kaka yako. Fungu la kila mrithi linaweza kutofautiana kulingana na sheria inayoongoza mirathi ya baba yenu, iwe ya Kiislamu, ya kimila au nyingineyo, lakini wajibu wa msimamizi wa kuwasilisha orodha ya mali na hesabu ya jinsi alivyoigawa haubadiliki, na wewe kuwa umeolewa hakumpi ruhusa ya kukunyima hesabu hiyo. Andika barua, ambatisha nakala ya uteuzi wake na ushahidi wa mauzo, uombe aitwe kueleza. Akishindwa, mahakama ina uwezo wa kumwondoa. Huko atalazimika kujibu, na hatakuwa na muziki wa kumfunika.

Kuhusu kipaza sauti, Seneca, mwanafalsafa wa Kirumi, aliandika kwamba dawa kuu ya hasira ni kuchelewa. Kama hujiamini, mwachie shangazi mwingine azungumze. Sikuombi umsamehe kaka yako mwezi huu.

Mshauri mpendwa, nilifukuzwa kazi kwa fitina ya mkubwa wangu. Rafiki alinishauri niende ukumbi wa mazoezi nikapige gunia la ngumi huku nikimwazia yule bosi, ili hasira itoke yote. Ni miezi minne sasa. Mikono imekuwa migumu, lakini hasira ni ileile. Nimekosea wapi?
*Mpiga Gunia, Mombasa*

Kaka, mazoezi hujakosea, umekosea unayempiga. Ushauri wa rafiki yako unatokana na dhana ya zamani kwamba hasira ni kama mvuke ndani ya sufuria iliyofunikwa, na kwamba usipoinua mfuniko itapasuka. Mwaka 2002 Brad Bushman, mwanasaikolojia wa Marekani, akiwa Iowa, aliijaribu dhana hiyo kwa wanafunzi 600, nusu wanaume na nusu wanawake. Wote waliandika insha, na zikarudishwa na maneno ya kuudhi, kwamba ni miongoni mwa insha mbovu kabisa. Kundi moja lilipiga gunia likimfikiria aliyewaudhi, la pili lilipiga likifikiria kuimarisha mwili, la tatu liliketi kimya dakika mbili. Waliopiga wakimfikiria mkosaji ndio waliotoka na hasira kubwa zaidi, na walipopewa nafasi ya kumpulizia kelele kali masikioni, ndio waliompulizia kwa ukali zaidi. Walioketi kimya, bila kufanya lolote, ndio waliokuwa wapole kuliko wote.

Mwaka 2024 Bushman na mwenzake Sophie Kjærvik walikusanya tafiti 154 zenye washiriki zaidi ya 10,000 wakakuta mwelekeo uleule: yanayoushusha mwili, kama kupumua kwa utaratibu na kutulia, hupunguza hasira, yanayoupandisha mwili kwa jumla hayaipunguzi, na kukimbia kulielekea hata kuiongeza. Nisingekuambia uache gunia, maana moyo na mapafu yako vinafaidika. Hesabu ngumi, sikiliza pumzi, fikiria mguu unavyokanyaga, lakini bosi mwache mlangoni pamoja na viatu. Na ukimaliza, kabla ya kwenda nyumbani, keti dakika kumi.

Shikamoo Mshauri. Nina miaka 26. Nimerudi kwa mama yangu miezi miwili iliyopita baada ya mume wangu kunipiga kwa mara ya tatu. Wazee wa pande zote mbili wamekaa, na wote wananitaka nimsamehe na nirudi, wakisema asiyesamehe hasamehewi. Kumchukia kweli nimechoka, ila naogopa. Je, kusamehe maana yake ni kurudi?
*Niliyechoka, Tanga*

Marahaba, mwanangu. Hapana, siyo kurudi.

Robert Enright wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, ambaye ameutafiti msamaha tangu miaka ya 1980, husisitiza kwamba kusamehe ni kazi ya moyo wa mtu mmoja, ilhali kupatana ni kazi ya watu wawili inayosimama juu ya kuaminiana. Unaweza kuifanya ya kwanza ukiwa hapo kwa mama, mlango ukiwa umefungwa. Everett Worthington, mtafiti mwingine wa Marekani, ambaye mama yake aliuawa nyumbani kwake mwanzoni mwa mwaka 1996, hutenganisha msamaha wa uamuzi na msamaha wa hisia: wa kwanza ni kuamua kwamba hutalipiza, na wa pili ni uchungu wenyewe kupungua, jambo ambalo huja taratibu na haliamriwi na kikao. Njia aliyoitunga ilijaribiwa kwa watu 4,598 katika Kolombia, Hong Kong, Indonesia, Afrika Kusini na Ukraine, kwa kitabu cha mazoezi cha muda wa saa tatu hivi, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024 yalionyesha kwamba kinyongo kilipungua, na wasiwasi na sonona pia vilipungua. Kwa hiyo kuchoka kwako kumchukia nakuheshimu; ni mwanzo mzuri, na faida yake ni yako.

Kuna upande wa pili wa msamaha ambao wazee hawajaambiwa. James McNulty, mwanasaikolojia wa Marekani, aliwafuatilia wanandoa wapya kwa miaka minne ya mwanzo ya ndoa, na katika matokeo aliyoyachapisha mwaka 2011, wale waliokuwa wepesi zaidi wa kusamehe waliendelea kutendewa ukali na kupigwa kwa kiwango kilekile, ilhali kwa wale wasiokuwa wepesi ukali ulipungua kadiri miaka ilivyopita. Msamaha usiomgharimu mkosaji kitu humfundisha kwamba kosa lina bei nafuu.

Huko Tanga wazee wengi wanayajua masharti ya toba kama wanazuoni wa Kiislamu walivyoyaweka: kuacha kosa, kulijutia, kuazimia kutolirudia, na, kosa likiwa linahusu haki ya mja, kumrudishia haki yake au kumwomba radhi. Nawaomba kwa heshima zote waligeuze swali. Miezi miwili hii wamekuuliza wewe kama umesamehe. Yeye wamemuuliza nini? Ameacha? Amekiri mbele yao kwamba alikupiga, au amesema ulimkasirisha? Nani atakuwa mdhamini wa kwamba hakutakuwa na mara ya nne, na ikitokea, mdhamini huyo atafanya nini? Mpaka majibu hayo yapatikane, kaa kwa mama. Nenda pia Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Hata kama hutaki kushtaki leo, maelezo yako yawe yameandikwa. Na kama bado una maumivu yoyote ya mwili, omba hapo polisi fomu ya PF3, ya matibabu ya aliyeumizwa, uende hospitali.

Mshauri, ninyi waandishi huandika kana kwamba kisasi ni maradhi ya mtu mmoja. Mimi ni mwalimu katika eneo la wafugaji. Mzee mmoja aliniambia kwamba boma likiibiwa ng'ombe likanyamaza, litaibiwa tena kabla mwezi haujaandama. Hakusema kweli?
*Mwalimu, Tarime*

Mwalimu, alisema kweli, kwa mahali na wakati alioujua. Shamba la mihogo halihamishwi usiku mmoja, bali ng'ombe ni mali yenye miguu, na pale ambapo dola iko mbali, sifa ya kwamba wewe hulipiza ndiyo zizi lako. Michael McCullough, aliyetafiti kisasi na msamaha kwa miaka mingi, anasema hivyo hasa: uwezo wa kulipiza ulibaki ndani ya binadamu kwa sababu ulizuia dhuluma, na uwezo wa kusamehe ulibaki kwa sababu uliokoa mahusiano yenye faida, hakuna kati ya hiyo miwili ulio maradhi. Kinachobadilika ni mazingira. Sungusungu walipojitokeza Usukuma na Unyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980, chanzo kikubwa kilikuwa wizi wa mifugo, na jambo jipya walilolileta ni kwamba aliyeibiwa hakufuata nyayo za ng'ombe na ndugu zake tu, aliyezifuata ni kijiji kizima. Wao nao walikuwa na ukatili wao, ila hiyo ni barua nyingine.

Shida ni kwamba desturi hudumu kuliko sababu yake. Mwaka 1996 Dov Cohen, Richard Nisbett na wenzao, katika Chuo Kikuu cha Michigan, walipanga mtu awagonge wanafunzi bega kwenye ujia na kuwatukana. Wanafunzi waliotoka majimbo ya kaskazini ya Marekani wengi walilichukulia kama mzaha. Waliotoka kusini, eneo ambalo watafiti hao wanasema lilirithi desturi za wafugaji waliohamia huko karne kadhaa zilizopita, walipandwa na hasira, na mate yao yalipopimwa yalionyesha kupanda kwa homoni za msongo na za ushindani. Walikuwa chuoni, wenye daftari mkononi, na hapakuwa na ng'ombe wa kulinda.

Ukikutana tena na mzee huyo, mpe salamu zangu, kisha umuulize boma lililolipiza lilikaa siku ngapi kabla nalo halijalipiziwa. Jibu lake ukinitumia nitalichapisha toleo lijalo.